Utendi wa Mwana Kupona na Somo la Nadharia

Katika shahada ya insia niliyoisomea kwenye chuo kikuu kimoja cha umma nchini Kenya, nikichukua Kiswahili pamoja na historia, somo la nadharia za uhakiki liliwekwa mwaka wa pili, baada ya mwanafunzi kupitishwa katika fasihi simulizi, ushairi na riwaya. Wengi wetu tuliliogopa kabla hatujaliona. Tulikuwa tumesikia kwa waliotutangulia kwamba limejaa majina ya wanafalsafa wa Ulaya ambao vitabu vyao havipatikani kwa urahisi maktabani, na kwamba njia ya kulipita ni kukariri mambo matatu kuhusu kila nadharia: mwasisi wake, mihimili yake na udhaifu wake. Tangu wakati huo nimeendelea kulitafakari somo lile, kwanza nikiwa mwanafunzi, kisha nikiandika tasnifu ya uzamili, na baadaye nikiongoza semina za wanafunzi wa mwaka wa kwanza. Ningependa kueleza nilichojifunza, kwa kuwa naamini kwamba namna nadharia inavyofundishwa katika vyuo vyetu vingi inawanyima vijana kitu chenye thamani kubwa.

Shule ya sekondari ilikuwa imetuandaa vyema kwa ukariri huo. Vitabu teule tulivisoma kwa kutafuta maudhui, wahusika na mbinu za lugha, na mtihani ulituuliza mwandishi ametufunza nini. Chuoni majina yalibadilika, mwendo ukabaki uleule. Yeyote aliyewahi kufungua tasnifu ya fasihi ya Kiswahili, iwe ya Kenya au ya Tanzania, anaijua sehemu ya misingi ya nadharia: mtafiti anatangaza kwamba ameongozwa na Ufeministi, au Umaksi, au Uhalisia; anamtaja mwasisi; anaorodhesha mihimili minne au mitano; kisha katika sura ya uchanganuzi anauchukua mhimili mmoja mmoja na kuutafutia mifano katika riwaya aliyoichagua. Mifano hupatikana daima. Sijapata kusoma tasnifu ya aina hiyo ambayo mtafiti alifika mwisho akasema kwamba riwaya imeukataa mhimili fulani, na jambo hilo peke yake lingetosha kutufanya tujiulize kama tunachokifanya ni utafiti.

Katika semina ya muhula ule kikundi chetu kilipewa Ufeministi, na matini tuliyopangiwa ilikuwa Utendi wa Mwana Kupona. Utendi huo ulitungwa mwaka 1858 na Mwana Kupona binti Mshamu, mwanamke wa Pate, katika visiwa vya Lamu, mjane wa Bwana Mataka, mtawala wa Siyu aliyepambana kwa miaka mingi na Seyyid Said wa Zanzibar. Mama huyo alikuwa mgonjwa, na katika beti za mwanzo anasema maradhi yamemshika hata yametimia mwaka. Anamwita bintiye akae karibu naye amwachie wasia:

Negema wangu binti
mchachefu wa sanati
upulike wasiati
asa ukazingatia

Beti zinazofuata zinamfundisha binti dini, adabu na namna ya kuishi na watu, kisha zinaingia katika wajibu wa mke kwa mumewe, nazo ndizo zilizoupa utendi huu umaarufu. Mshairi anazitaja radhi tano anazozihitaji mwanamke, ya Mungu, ya Mtume, ya baba, ya mama na ya mume, na anamweleza binti kwa urefu namna ya kumlaza mume, kumwamsha, kumpamba, kumtii na kumridhisha. Kikundi chetu kiliziorodhesha beti hizo chini ya mihimili ya nadharia tuliyopewa, kikaonyesha taasubi ya kiume inavyorithishwa na mama mwenyewe, na kikahitimisha kwamba utendi ni chombo cha itikadi ya mfumo unaomkandamiza mwanamke. Hukumu hiyo haikuwa ya uongo. Beti zipo, na anayezisoma leo akaona hazimgusi nitamshangaa. Mhadhiri alitupongeza, kisha akauliza swali ambalo sisi wote tulinyamaza mbele yake: utendi huu una beti zaidi ya mia, nanyi mmetumia ngapi?

Jibu lilinijia likizoni, nilipokuwa Mombasa kwa mama mkubwa, dada ya mama yangu, ambaye ameujua utendi huo tangu utotoni na huusoma kwa sauti anapokaa na wanawake wenzake. Nilimweleza tulichokuwa tukikifanya. Alinisikiliza kwa makini, bila kukasirika kwa ajili ya taasubi ya kiume wala kuitetea, kisha akaniuliza, “Na ile dua yake, mwanangu, mwaisomaje huko chuoni?” Alikusudia sehemu ndefu ya mwisho, ambamo Mwana Kupona anawaombea watoto wake, jamaa zake na Waislamu, na anamwomba Mola amwondolee maradhi. Kwa mama mkubwa na wenzake hiyo ndiyo sehemu inayosomwa kwa ajili ya mgonjwa, na wengine kati yao waliihifadhi kabla ya kuhifadhi beti za mume. Sisi hatukuwa tumeinukuu hata mara moja. Nadharia tuliyopewa ilikuwa kifumbu: kilichopita tulikiita data, yaliyobaki tukayatupa pamoja na machicha, na sehemu kubwa ya ushairi ilikuwa humo.

Niliporudi chuoni nilianza kuusoma utendi upya, safari hii kwa kuanzia mahali ambapo mihimili haikuwa na la kusema. Mahali pa kwanza palikuwa ubeti wa tatu:

Ndoo mbee ujilisi
na wino na karatasi
moyoni nina hadithi
nimependa kukwambia

Mama anamwambia binti aje na wino na karatasi. Kwa hiyo anategemea kwamba binti huyo, katika mji wa visiwa vya Lamu katikati ya karne ya 19, anajua kuandika, na kwamba maneno ya mama yanastahili kuandikwa. Utendi unaoamrisha utii unaanza kwa tendo la mwanamke mmoja kumsomea mwanamke mwingine elimu iandikwe, bila mwanamume kuwapo chumbani. Jambo hili haliifuti beti hata moja kuhusu mume, lakini linabadilisha swali. Tulikuwa tumeuliza kama utendi unamkandamiza mwanamke; sasa ilinibidi niulize ni mamlaka ya namna gani aliyokuwa nayo mwanamke wa tabaka la Mwana Kupona, aliyapata wapi, na wanawake waliowatumikia wao hawakuwa nayo kwa nini. Swali hilo la mwisho, la watumwa na vijakazi wa miji ile, Ufeministi wa orodha ya mihimili haukutuelekeza kabisa kulitazama, ingawa wanafeministi wenyewe wamebishana juu yake kwa miongo mingi.

Mahali pa pili palikuwa nje ya utendi, katika historia ya kuchapishwa kwake. Alice Werner na William Hichens walipoutoa kitabuni Uingereza mwaka 1934, waliupa jina la Kiingereza lililotangaza kwamba hizi ni nasaha juu ya wajibu wa mke. Mwana Kupona mwenyewe aliuita wasia, na wasia huo una dini, jamii, maradhi, kumbukumbu ya ndoa yake, na dua. Wahariri wale walifanya kazi kubwa ya kuuhifadhi, na sina budi kuwashukuru, lakini jina waliloliweka juu ya jalada lilimwambia msomaji mapema ni beti zipi za kuzitafuta. Wakati huo tulikuwa tumeshapita wiki ya nadharia ya baada-ukoloni, tumetaja kitabu cha Edward Said cha mwaka 1978 kuhusu namna Ulaya ilivyoiandika Mashariki, tumeorodhesha mihimili yake, na kuendelea na wiki nyingine. Hakuna aliyetuambia kwamba hoja ya Said ilikuwa ikitungoja ndani ya matini ya wiki ya Ufeministi, na kwamba usomaji tuliouona ni wa kisasa na wa kimapinduzi ulikuwa unapita katika mlango uliofunguliwa na wahariri wa enzi ya ukoloni.

Mahali pa tatu ndipo palipokuwa pagumu zaidi, na hapa nataka kukaa kidogo. Wapo wahakiki waliousoma utendi huu kama kejeli: mshairi anaposema mume atunzwe kama mtoto mchanga asiyejua kusema, wanaona anamfundisha binti siri ya kumtawala mwanamume huku akionekana anamtii. Usomaji huo ni wa werevu na unavutia, na darasani wasichana wengi tuliupokea kwa furaha. Baadaye nilisoma kazi ya Saba Mahmood, msomi mzaliwa wa Pakistan, aliyeishi na wanawake wa vikundi vya darsa za misikitini Cairo na kuandika juu yao kitabu kilichotoka mwaka 2005. Mahmood anawauliza wanafeministi wenzake kwa nini wanamtambua mwanamke kuwa ni mtendaji pale tu anapopinga, na kwa nini mwanamke anayejitahidi kuujenga ucha Mungu wake kwa nidhamu ya kila siku lazima aonekane ama amedanganywa au anapinga kwa siri. Niliposoma hoja hiyo niliiona picha ya mama mkubwa na wenzake. Katika usomaji wetu wa kwanza walikuwa wahanga. Katika usomaji wa kejeli wangekuwa waasi waliojificha. Na hakuna kati ya njia hizo mbili iliyowaacha wawe walivyo, watu wanaosoma dua kwa kuwa wanaiamini na kwa kuwa wana mgonjwa nyumbani.

Sikubaliani na kila kitu alichokiandika Mahmood. Naona kuna hatari ya kuheshimu ucha Mungu kiasi cha kusahau kuuliza nani anafaidika nao. Hata hivyo alinifunza jambo ambalo hakuna orodha iliyonifunza, nalo ni kwamba ndani ya Ufeministi kuna ugomvi wa kweli, wa watu makini wanaokosoana hadharani, na kwamba mwanafunzi wa Mombasa anaweza kuingia katika ugomvi huo akiwa na ushahidi ambao wengine hawana. Mihimili mitano inaficha ugomvi huo. Inaifanya nadharia ionekane kama sheria iliyokwisha kupitishwa.

Mhadhiri yule aliyetuuliza idadi ya beti alikuwa na desturi nyingine iliyonisaidia. Kabla ya kutupa muhtasari wa nadharia yoyote, alitutaka tusome maandishi mafupi ya mwandishi mwenyewe, hata kama ni kurasa chache za tafsiri ya Kiingereza, na tueleze kwa Kiswahili chepesi, bila istilahi, mwandishi huyo alikuwa akihangaika na nini. Kwa njia hiyo nilikutana na insha ya mwanafalsafa wa Ujerumani Max Horkheimer ya mwaka 1937, ambayo ndiyo iliyolipa jina kundi la mawazo linaloitwa nadharia hakiki. Taasisi ya Utafiti wa Jamii aliyoiongoza ilianzishwa Frankfurt mwaka 1923 kwa fedha za Felix Weil, mtoto wa mfanyabiashara wa nafaka aliyetajirika Argentina. Kufikia 1937 Wanazi walikuwa wameifunga, na wasomi wake, wengi wao wakiwa Wayahudi, walikuwa wamekimbilia Geneva kisha New York. Swali lililowasumbua lilikuwa la watu walioshindwa: kwa nini wafanyakazi wa Ujerumani, ambao nadharia ya Marx iliwatarajia wafanye mapinduzi, hawakuuzuia ufashisti, na wengi wao wakaufuata? Walter Benjamin, aliyekuwa karibu na taasisi hiyo, alijiua Portbou, mpakani mwa Ufaransa na Hispania, mwaka 1940, akiwakimbia Wanazi haohao.

Historia hiyo inaweza kuonekana kuwa pambo tu. Kwangu ilibadilisha namna ya kuisoma insha yenyewe. Horkheimer anatofautisha nadharia inayojiona iko nje ya ulimwengu unaouchunguza, ikikusanya ukweli na kuupanga, na nadharia inayokubali kwamba mtafiti mwenyewe, maswali yake na hata macho anayotazamia vimeumbwa na jamii ileile. Nilipoielewa tofauti hiyo niliona jambo la kusikitisha: nadharia iliyozaliwa ili kukataa upangaji wa ukweli katika visanduku ilikuwa imefika kwetu ikiwa imegeuzwa visanduku. Tuliandika, “Mwasisi: Horkheimer. Mihimili: (1)…” Tungeweza kupata alama zote bila kujiuliza hata kidogo sisi tunaosoma ni akina nani, ada zetu zinalipwa na nani, na kwa nini matini fulani zimo katika silabasi na nyingine hazimo.

Swali la mwisho lilikuwa limeulizwa nchini mwetu muda mrefu kabla yangu. Tarehe 24 Oktoba 1968, Ngũgĩ wa Thiong'o, Taban lo Liyong na Henry Owuor-Anyumba waliwasilisha katika kilichokuwa Chuo Kikuu Kishiriki cha Nairobi waraka uliotaka Idara ya Kiingereza iondolewe na mahali pake pawekwe idara itakayoiweka fasihi ya Afrika katikati, pamoja na fasihi simulizi, huku fasihi za sehemu nyingine za dunia zikipangwa kuizunguka. Waraka huo ni mfupi na lugha yake ni nyepesi. Hauna kiunzi wala mihimili. Hata hivyo kwa maoni yangu ni mojawapo ya maandishi muhimu kabisa ya nadharia yaliyowahi kuandikwa Afrika Mashariki, kwa sababu unaichukua taasisi ambayo waandishi wake wenyewe wanafanya kazi ndani yake na kuiuliza imejengwa juu ya dhana gani. Ulitolewa miaka 10 kabla ya kitabu cha Said. Tuliusoma katika somo la historia ya fasihi, chini ya mada ya maendeleo ya fasihi baada ya uhuru, na katika somo la nadharia hatukuusoma kabisa. Mgawanyo huo ulitufundisha, bila mtu yeyote kutamka, kwamba nadharia hutoka Ulaya na sisi tunatoa mifano.

Matini ya pili iliyonifunza sana ni diwani ya Abdilatif Abdalla. Mshairi huyu mzaliwa wa Mombasa alifungwa mwaka 1969 kwa miaka 3 kwa sababu ya kijitabu kilichouliza Kenya inaelekea wapi, na gerezani alitunga mashairi aliyoyaandika kwa siri kwenye karatasi za msalani. Yalichapishwa mwaka 1973 kwa jina la Sauti ya Dhiki. Katika wiki ya baada-umuundo, nadharia inayoshuku kwamba matini ina maana moja iliyotulia, tulikuwa tumesoma insha ya mhakiki wa Kifaransa Roland Barthes ya mwaka 1967, inayotangaza kifo cha mwandishi na kumkabidhi msomaji maana, na mwenzetu mmoja alipendekeza tuyasome mashairi ya Abdilatif kwa msingi huo, tukiusahau wasifu wake. Mjadala ulikuwa mkali. Baadhi yetu tulihisi kwamba kumwua mwandishi ambaye serikali ilimfungia upwekeni ni kuikamilisha kazi ya serikali. Wengine walijibu, nao walikuwa na hoja, kwamba shairi likifungwa ndani ya wasifu wa mtunzi halitawahi kumhusu mfungwa mwingine wala nchi nyingine, na kwamba mashairi ya mafumbo yaliandikwa ili yasomwe na mtu asiyeambiwa lolote.

Mhadhiri alituelekeza kwenye mhadhara wa Michel Foucault alioutoa Paris mwezi Februari mwaka 1969, juu ya swali la mwandishi ni nini. Foucault anasema humo kwamba maandishi yalianza kuwa na waandishi, kwa maana ya wamiliki wanaotajwa kwa jina, kadiri waandishi walivyoweza kuadhibiwa. Darasa lilitulia. Katika mwaka huohuo ambapo mwanafalsafa wa Paris alisema maneno hayo, mahakama ya Kenya ilikuwa inamtafuta mwenye maandishi ili imwadhibu, na ikampata. Hapo nilielewa kwamba Barthes na Foucault hawakuwa wanatupa kanuni ya kuamua kama wasifu uingie au usiingie katika uhakiki. Walikuwa wanatuuliza jina la mwandishi linafanya kazi gani, kwa ajili ya nani, na lini. Kwa dola, jina la Abdilatif lilikuwa kitu cha kuwekwa kwenye hati ya mashtaka. Kwa wasomaji wa Mombasa, lilikuwa jina la kijana wao. Kwa mtahini wa shule, baadaye, likawa swali la alama. Shairi lilelile limepita katika kazi zote hizo, na mhakiki anayechagua kati ya “mwandishi amekufa” na “mwandishi yu hai” kabla ya kuitazama safari hiyo amejinyima sehemu nzuri ya kazi yake.

Diwani hiyohiyo ilinisaidia katika ugomvi mwingine ambao kila mwanafunzi wa ushairi wa Kiswahili anaujua, wa wanamapokeo na wanamabadiliko. Mwandishi wa Tanzania Euphrase Kezilahabi alipoitoa diwani yake Kichomi mwaka 1974 kwa mashairi yasiyofuata vina na mizani, watetezi wa kanuni za jadi waliyakataa yasiitwe mashairi, na watetezi wa mtindo mpya waliueleza kama ukombozi. Katika madarasa yetu ugomvi huo hugeuka fomula kwa urahisi: umbo la jadi ni uhafidhina, umbo huru ni mapinduzi. Lakini Abdilatif aliipinga serikali yake kwa vina vilivyokamilika na kwa lahaja ya Kimvita, na nguvu ya mashairi yale haitengani na nidhamu ya umbo lake. Mtu aliyenyang'anywa kila kitu alikuwa bado anahesabu mizani. Katika miaka ya 1930 György Lukács na Bertolt Brecht, wote Wamaksi, walitofautiana juu ya swali linalofanana na hilo, kama umbo la zamani la riwaya ndilo litakalouonyesha ukweli wa jamii au ukweli mpya unadai umbo jipya. Kuwasoma hao wawili kulinipa maswali bora ya kuuliza kuhusu Kichomi na Sauti ya Dhiki. Majibu hawakuwa nayo, kwa sababu hawakuwahi kusikia shairi la Kimvita likiimbwa.

Watu wa nyumbani wameniuliza mara nyingi kama somo hili haliharibu imani ya mtu, maana linafundisha kushuku kila kitu, pamoja na vitu vilivyo vitakatifu. Nalichukulia swali hilo kwa uzito. Ni kweli kwamba Marx, Nietzsche na Freud, ambao wanafunzi hukutana nao mapema, waliitazama dini kwa jicho la shaka, na nimewaona wenzangu waliochukua shaka hiyo kama vazi la kujionyesha kuwa wameelimika. Mimi nilijifunza kwamba shaka inayomchagua mtu wa kushukiwa ni dhaifu. Anayeushuku wasia wa mama wa Pate sharti ashuku pia jina lililowekwa juu ya jalada lake Uingereza, na silabasi iliyoupanga, na furaha yake mwenyewe anapoona ameuumbua utendi mbele ya darasa. Shaka ikifika hadi hapo humfanya mtu awe mnyenyekevu zaidi, na sikuona inapingana na swala yangu.

Kwa wanafunzi ninaowaongoza sasa, ninaanza na matini. Tunaisoma nzima, kwa sauti ikiwa ni ushairi, na kila mmoja anaandika kitu kimoja asichokielewa na kingine kinachomkera. Baada ya hapo ndipo tunaita nadharia, na tunaiuliza kama inaweza kutusaidia juu ya jambo hilo hasa. Mara nyingine inasaidia sana. Umaksi ulipoletwa hivyo kwenye utendi wetu, swali la vijakazi lilifunguka kwa dakika chache. Mara nyingine haina la kusema, na tunaandika hivyo. Kazi hii ni ya polepole na haiendani vizuri na mtihani wa saa mbili, na wanafunzi wengine huja kuniomba niwape mihimili ili wapate cha kukariri. Nawaelewa, kwa maana ajira na ufadhili vinategemea alama zile. Ninawapa maandishi ya mwandishi, ninawasaidia kuiandika hoja yake kwa maneno yao, na mara nyingi hugundua wenyewe kwamba hoja waliyoielewa haihitaji kukaririwa.

Nilipoandika tasnifu yangu ya uzamili kuhusu utendi huo, niliandika uchanganuzi kwanza na sura ya nadharia mwisho. Jopo lililonisikiliza lilitaka mihimili iorodheshwe, kama ilivyo desturi, na niliiorodhesha. Chini ya kila mhimili niliweka aya inayotaja beti ambazo mhimili huo unazieleza vizuri, beti unazozilazimisha, na beti unazozipita kimya, na sehemu ya dua ilijitokeza tena na tena katika kundi la tatu. Mtahini mmoja aliniuliza kama hilo halimaanishi kwamba nadharia yangu imeshindwa. Nilimjibu kwamba imefika hadi pale uwezo wake unapoishia, na kwamba kuanzia hapo kuna haja ya kwenda kukaa na wanawake wanaoisoma dua ile Lamu na Mombasa, kuwasikiliza wanaisoma lini, kwa nani, na wanaruka beti zipi, kisha kurudi na maswali ambayo nadharia italazimika kuyajibu. Katika maoni yake ya maandishi aliagiza aya zile zibaki kama zilivyo, na orodha ya mihimili ifupishwe.